Maji Yako Yanasemaje?

Kisu cha mama kilikuwa na mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, na kwa kisu hicho alimenya muhogo bila kuuangalia, huku anapiga soga na majirani. Jioni moja, nikiwa kidato cha tatu, kisu kikasimama. Akaugeuza ule muhogo, akaukata vipande viwili, kisha vinne. Ndani, pale panapotakiwa kuwa peupe pe, palikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo. Akautupa, akachukua mwingine. Nao vilevile. Katika kapu zima tulilong'oa siku ile tulipata wa kujaza sufuria moja.

Kilichomkera zaidi ni kwamba shamba lilikuwa linapendeza. Mashina manene, majani ya kijani kule juu, hata mtu anayekwenda Kasulu mjini alikuwa anasimama kidogo kulisifia. "Sasa uzuri wote ule ulikuwa wa nini?" aliuliza, na hakuna aliyemjibu. Kwetu mahindi huuzwa, maharage huuzwa, muhogo ndio hubaki wa kuliwa, kwa dagaa na mawese. Mwaka ule tulinunua unga.

Ugonjwa wa muhogo tuliokuwa tunaujua ni batobato. Huo haujifichi: majani yanajikunja, yanapigwa mabaka ya njano, mmea unadumaa kama mtoto aliyekosa maziwa. Huu wa kuoza ndani kwa ndani ulikuwa mgeni. Baadaye nilikuja kusoma kwamba unaitwa michirizi ya kahawia, kwamba uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, na kwamba kwa miaka mingi wataalamu waliuona kuwa ugonjwa wa pwani na mabondeni, usiopanda zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sisi tuko juu ya hapo. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye nyanda za juu, na hesabu ile ikavurugika. Inzi weupe wanaoubeba hawakuwa wamesoma vitabu. Wala wasafirishaji wa pingili kwa baiskeli na malori, ambao kwa maoni yangu wamefanya kazi kubwa kuliko inzi.

Mama alikuwa na dawa yake ya batobato, na dawa yenyewe ilikuwa vitambaa. Alichana kanga iliyochakaa vipande vyembamba, akawa anazunguka shambani. Akikuta mhogo ulioumwa chini lakini umetoa majani safi juu, anaufunga kitambaa. Msimu wa kupanda ukifika, pingili anazikata kwenye mashina yenye vitambaa tu. "Huu umejirudi," alikuwa anasema. "Uliumwa, ukapona wenyewe."

Nilirudi likizo ya mwaka wa pili kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikamkuta kwenye shughuli hiyo. Nilikuwa na madaftari mapya na kiburi cha kutosha. Nikamwambia ugonjwa wa virusi kwenye mmea hauponi, kwamba mmea hauna kinga kama ya binadamu, kwamba anachofanya ni kupanda ugonjwa kwa mikono yake.

"Sawa, mwanangu. Umesoma," akasema, akaendelea kufunga kitambaa.

Aliyelelewa na mama kama wangu anajua kwamba "sawa" ya namna hiyo si kukubali. Ni kufunga mlango bila kuubamiza.

Miaka michache baadaye nikapata nafasi ya shahada ya pili na kazi ya maabara Dar es Salaam, kuchunguza RNA ya virusi vya muhogo. Watu nyumbani waliniuliza RNA ni nini, na jibu lililokubalika ni hili. DNA ni daftari kubwa la familia, halitoki chumbani. RNA ni kile kikaratasi unachomwandikia mtoto akimbie dukani: sukari nusu kilo, chumvi pakiti moja. Muuza duka akishakisoma, kinatupwa. Chembe hai inaishi kwa vikaratasi hivyo, maelfu kwa maelfu. Sasa virusi vya michirizi havina daftari kabisa. Ni kikaratasi kitupu, chenye herufi kama 9,000, kinachojipenyeza dukani na kuagiza vitu vya kwake. Muuza duka hana habari, anapima tu.

Tatizo la kikaratasi ni kwamba kinachanika. Tena nilikuwa nakichana mimi.

Nilisaga majani ya muhogo kwenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, nikaongeza dawa za kuondoa wanga na utomvu (majani ya muhogo yana utomvu wa kukutoa machozi), nikazungusha, nikasafisha, nikapitisha kwenye jeli, ule ute mgumu unaopanga vipande kwa ukubwa. RNA nzima huonekana kama mistari miwili iliyokolea, ile ya ribosomu. Wenzangu walikuwa wanapata mistari yao. Mimi nilikuwa napata moshi, ukungu wa RNA iliyokatikakatika. Wiki ya kwanza moshi, ya pili moshi, ya tano moshi. Nikalaumu majani, nikalaumu umeme, nikalaumu dawa kwamba zimekwisha muda.

Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole aliyekuwa na mazoea ya kunywa chai ya rangi mlangoni, ndiye aliyenitazama nikifanya kazi nusu saa nzima bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Dada, hizo glavu umevaa kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia kwa ajili ya sampuli.

"Mbona umeshikia simu? Umefungulia friji. Sasa hivi umejikuna pua nazo."

Kwenye jasho, kwenye mate, kwenye ngozi ya kila mtu kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukatakata RNA. Havifi kirahisi. Ukivichemsha vinalegea, vikipoa vinajikunja upya na kurudi kazini kama vibarua waliotoka mapumziko. Kidole kimoja kilichogusa ncha ya pipeti kinatosha kumaliza kazi ya siku. Nilikuwa navaa glavu kama mtu anayevaa kofia ya bodaboda akiwa ameilegeza, kwa ajili ya trafiki. Nilianza kubadilisha jozi kila nikigusa kitu cha nje, simu ikabaki kwenye droo, na mistari miwili ikatokea siku ya nne. Nilipiga picha ile jeli nikamtumia dada yangu. Akajibu, "Ni nini hii, rula?"

Katika miezi hiyo hiyo ya kusubiri mashine na kusoma makaratasi usiku, nilikutana na kitu kilichonitia aibu nikiwa peke yangu chumbani. Mwaka 1928 Mmarekani aitwaye Wingard alieleza tumbaku aliyoiambukiza virusi vya madoa ya pete. Majani ya chini yaliungua. Majani mapya ya juu yakatoka safi, na alipojaribu kuyaambukiza tena, ugonjwa haukushika. Mmea ulijirudi. Neno kwa neno, alichokuwa anakisema mama.

Hakuna aliyejua sababu kwa miongo mingi. Mwaka 1990 watafiti waliotaka ua la petunia likolee zambarau walilipandikizia nakala ya ziada ya jeni ya rangi, wakapata maua yenye mabaka meupe na mengine meupe kabisa, kana kwamba nakala ile imeizima hata jeni ya asili. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello, wakifanya kazi na minyoo midogo ya kama milimita moja, wakaonyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili ndiyo inayozima jeni inayofanana nayo. Walipewa Nobel mwaka 2006. Mwaka 1999 Hamilton na Baulcombe, Uingereza, wakavikuta kwenye mimea vile vipande vidogo vya RNA vinavyofanya kazi hiyo.

Kwa lugha ya duka: mwenye nyumba ana mkasi. Kirusi kinapojinakili, kikaratasi chake hukaa na nakala yake vikiwa vimebanana, nyuzi mbili, jambo ambalo vikaratasi halali vya nyumbani kwa kawaida havifanyi hivyo kwa urefu ule. Kimeng'enya kiitwacho daisa kinakidaka na kukikata vipande vya herufi 21 hadi 24. Kila kipande anapewa mlinzi, protini ya agonauti, akae nacho kama picha ya mtu anayetafutwa. Mlinzi akikuta kikaratasi kingine kinacholingana na kile kipande, anakichana kabla hakijafika dukani. Na vipande hivyo husafiri ndani ya shina kwenda juu, vikayafikia majani machanga. Ndiyo maana jani jipya linatoka likiwa limeshaonywa.

Mmea hauna kinga, nilimwambia mama. Mmea una kinga, tena yenye kumbukumbu.

Kuna jambo lingine ambalo mpaka leo linanisisimua. Mkasi huo haukuwekwa kwa ajili ya virusi peke yake. Mmea wenyewe unautumia kupanga mambo yake: hutengeneza vipande vidogo viitwavyo maikro-RNA vya kuamua jeni ipi isikike na ipi inyamazishwe, jani lipanuke lini, likunjuke vipi. Wanyama nao, sisi tukiwemo, tuna vyetu. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliovigundua kwenye minyoo walipewa Nobel mwaka 2024. Sasa kirusi cha batobato, ambacho chenyewe ni cha DNA lakini huandika vikaratasi vya RNA kikishaingia, kina protini inayoitwa AC4 inayovinyakua vipande hivyo vya mmea. Mmea unabaki na maagizo yake yamekamatwa njiani. Jani halijui likunjuke au lijikunje. Kule kujikunja tunakokuita batobato, kwa sehemu fulani, ni mmea uliopotezewa barua zake. Nilipolielewa hilo nilitoka nje nikatembea mpaka kituo cha daladala na kurudi, bila sababu.

Kirusi cha michirizi nacho kina ujanja wake. Ndugu zake wengi katika ukoo ule hutumia protini moja kuuziba mkasi. Chenyewe hakina hiyo, kinatumia nyingine iitwayo P1. Karatasi iliyoonyesha hilo ilichapishwa mwaka 2009, na jina la kwanza juu yake ni la Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa. Nakumbuka nililisoma lile jina mara mbili.

Basi nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani kuchukua sampuli za vitambaa vya mama. Treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, kisha basi kupanda Kasulu. Kwenye begi nilikuwa na vichupa vyenye maji maalumu ya kuhifadhia RNA, kalamu isiyofutika na glavu boksi zima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchoma mihogo yangu?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kuomba majani. Radhi aliipokea kwa kuguna. Kwenye majani alinisimamia mwenyewe, shina kwa shina, mashina 12, akinieleza lipi liliumwa mvua za vuli na lipi mwaka uliopita. Nilichukua jani la juu kwenye kila shina, mahali pale pale anapopaangalia yeye. Historia ile hakuiandika popote. Ilikuwa kwenye fundo la kitambaa: fundo moja, mawili, ncha ndefu, ncha fupi.

Kosa nitakalolisimulia sasa ni langu, na lilitokea baada ya kurudi Dar.

RNA ya kirusi ni kidogo sana kwenye jani, kwa hiyo huwa tunaigeuza kuwa DNA na kuizidisha kwenye mashine ya PCR, nakala mamilioni, mpaka ionekane. Nilipima vyote 12 kwa michirizi. Vyote 12 vikawaka. Nikakaa kwenye kiti. Shamba zima la vitambaa, pingili zote alizogawa kijijini. Bila kungoja kesho nikapiga simu, nikamwambia, mama, ng'oa yote yenye vitambaa, choma. Nilisikia akivuta pumzi. Hakubisha. Hata "sawa" hakusema.

Asubuhi nikampelekea msimamizi wangu picha ya jeli. Akaitazama kwa muda mfupi tu.

"Maji yako yanasemaje?"

Katika kila kipimo unaweka kichupa kimoja cha maji matupu badala ya sampuli. Kinatakiwa kubaki giza. Nilikuwa nimekiweka, mwisho kabisa upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Sikuwa nimekiangalia. Kilikuwa kinawaka kama vingine.

Maji yangu yalikuwa na michirizi ya kahawia. Maana yake ni kwamba nilikuwa nimemwaga nakala za kirusi kila mahali: wiki iliyotangulia nilikuwa nafungua vichupa vya PCR iliyokwisha kwenye meza ile ile ninayoandalia PCR mpya, kwa pipeti zile zile. Nakala moja iliyorushwa hewani inatosha kuzaa mamilioni kwenye kichupa kinachofuata. Mashine haikudanganya. Niliipa uchafu, ikauzidisha kwa uaminifu.

Nikampigia mama. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipokea mchana.

"Tumeshang'oa matano," alisema. "Wifi yangu alikuja kunisaidia. Tumeyachoma."

Nikamwambia asimame, nimekosea. Kimya kirefu, nasikia kuku wanalia nyuma yake.

"Umekosea vipi, na mashine?"

Nikamweleza kuhusu maji. Nilitegemea itakuwa ngumu, kumbe ilikuwa rahisi kuliko RNA. Akasema ni kama kuonja mboga kwa kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya jirani, halafu unasema umetia chumvi nyingi. Sijapata mfano bora wa kuwafundishia wanafunzi, na huwa nautumia bila kuwaambia umetoka wapi.

Nilisafisha meza kwa jiki, nikahamia chumba kingine, nikaomba pipeti ambazo hazijawahi kugusa PCR, nikaanza upya kwenye RNA iliyobaki. Nilirudia mara tatu kabla ya kumwambia mtu yeyote, hata msimamizi. Maji yakabaki giza mara zote tatu.

Kwa batobato, jicho la mama lilikuwa zuri. Majani ya juu ya mashina yake mengi hayakuonyesha kirusi, au yalionyesha kwa mbali sana. Si kila aina ya kirusi cha batobato huruhusu mmea kujirudi, na si kila mbegu ya muhogo ina uwezo huo, lakini alikuwa amechagua kwa miaka mingi na uchaguzi ulionekana. Kwa michirizi ilikuwa habari nyingine. Kati ya mashina saba yaliyobaki shambani, matatu yalikuwa nayo. Na ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Batobato hujionyesha kwenye majani machanga, juu. Michirizi huanzia majani yaliyokomaa, chini, njano inayofuata mishipa, kitu ambacho mtu hukiona akadhani jani limezeeka. Kule juu pako safi siku zote. Kanuni ya mama, "tazama juu," ndiyo hasa iliyokuwa inaupitisha ule ugonjwa wa pili mlangoni, umevaa kitambaa cha kanga.

Hilo sikulisema kwa simu. Nilisafiri tena.

Alikuwa uani anaanika makopa. Nilimweleza yote, ya batobato kwanza, kisha ya michirizi, nikamtajia mashina yenyewe kwa mafundo yake. Alisikiliza huku mikono ikiendelea kutandaza.

"Na maji?" akauliza.

"Maji ni maji, mama. Mara tatu."

Akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na panga. Tulimaliza yale matatu kabla jua halijawa kali. Muhogo mmoja aliupasua kwa kisu chake kile cha mpini wa mpira. Kahawia, mpaka katikati. Hakusema kitu, aliniwekea tu mkononi.

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole waliochukua pingili kwake: jirani wa ng'ambo ya mto, mwalimu mmoja, watu wawili wa kanisani, na shangazi yangu aliyemsaidia kung'oa yale mengine. Tukaanzia kwa shangazi. Shamba lake lilikuwa limenawiri kuliko letu, na alitupokea akiwa na haki ya kujivuna.

"Ng'oa nini tena?" alisema. "Si mnaona majani hayo juu yalivyo?"

Mama alikuwa ameshainama. Alishika jani la tatu kutoka ardhini, akaligeuza polepole juani, mishipa yake ikiwa imepakana na njano.

"Usiangalie juu, wifi," akasema. "Njoo hapa chini."